Sofia Gani?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekuwa bibi! Mjukuu wa kwanza! Wa kike, kazaliwa jana jioni, mzima, mzito, mkali. Wanasema alilia mpaka mlinzi wa getini akasikia. Damu yangu hiyo.

Naandika haya kwenye shajara aliyoniletea mzee wangu. Mzee wangu anatengeneza redio na anapenda ukimya, sijui alinioa kwa nini. Amesema yale yote ninayomsimulia wakati wa taarifa ya habari niyaandike humu, masikio yake yapumue. Sawa, baba. Shule niliishia la nne, lakini maneno ninayo ya kujaza mpaka jalada.

Sasa sikia. Asubuhi mwanangu, fundi bomba, kapita dukani kwangu akielekea hospitali. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi, na duka langu linatazamana na saluni. Kaniambia, mama, mtoto tumeshampatia jina, ataitwa Sofia. Niliruka! Nikapiga teke beseni la wanga, sakafu nzima ikawa uji. Sikujali. Sofia! Jina langu mimi! Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakakimbia.

Nikasikia vigelegele vingine vinajibu ng'ambo ya barabara.

Saluni.

Hapa lazima nieleze, maana shajara haijui mtaa wetu. Mtaa huu umejaa Sofia. Ukisimama pale bombani ukaita "Sofia!" wanageuka wanawake wote na mbuzi mmoja. Kwa hiyo kila Sofia kabandikwa mkia. Yuko Sofia Mikate, mwoka mikate. Yuko Sofia Nesi. Yuko Sofia Ngazi, anabadilisha balbu bila kupanda kitu. Yuko Sofia Saluni, mwenye saluni, mdomo wake na mkasi wake sijui kipi kimenolewa zaidi. Na mimi nipo. Mimi naitwa Sofia Kaunguza.

Sababu ya mkia wangu ni upuuzi mtupu. Zamani huko suruali ya bwana harusi iliungua. Iliungua. Sikusema niliiunguza. Umeme ulikatika ukarudi kwa hasira, na mimi wakati huo nilikuwa mlangoni nasikiliza ugomvi wa majirani, ningejuaje? Bwana harusi kaoa na alama ya pasi nyuma, kashinda amekaa siku nzima, hakucheza hata wimbo mmoja. Ndoa yao mpaka leo imenyooka kuliko za wengi. Lakini mimi ndio Kaunguza.

Tatizo lenyewe hili: Saluni ni mkwe mwenzangu. Binti yake ndiye mke wa mwanangu. Yeye Sofia, mimi Sofia, mtoto Sofia. Sasa mtoto kachukua jina la nani? Saluni keshaanza kuwaambia wateja ni lake. Nimemwona kwa dirisha, kashika kitana, anajipiga kifua. Ana bahati barabara ilikuwa na magari.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua ubovu uko wapi. Uko kwenye mkia. Mtu akiambiwa mtoto kapewa jina la Sofia Kaunguza, nani atakubali? Hata mimi ningekataa. Lakini nikiwa Sofia tu, Sofia mkavu, basi kila anayesikia Sofia ananifikiria mimi. Akili hiyo!

Nimewatangazia wateja kwamba kuanzia leo atakayeniita Kaunguza nguo zake zitasubiri mpaka zijifue zenyewe. Wa kwanza kuja alikuwa kinyozi. Kaniamkia vizuri, habari za asubuhi, Sofia. Moyo ukalainika. Kisha kageuka mlangoni kumwambia mwenzake asubiri kidogo, anachukua shati lake hapa kwa Kaunguza. Shati limerudi majini.

Mchana nimekwenda hospitali na nepi nilizozinyoosha mpaka zinasimama wima. Mlinzi kauliza mimi ni nani. Nikavuta pumzi, nikasema: Sofia. Kasema Sofia wameingia wengi leo, na yule wa kwanza kaacha ujumbe kwamba akitokea Sofia mwingine, si mwenyewe, mwenyewe ni yeye. Saluni huyo! Nikamwambia mlinzi mimi ndiye Sofia wa asili. Kauliza Sofia gani. Sofia tu! Kasema Sofia Tu hamjui. Watu nyuma yangu wanasonya, jua linanichoma utosi, saa ya kuona wagonjwa inayoyoma, mimi nimesimama na nepi zangu kama mtu anayeziuza. Mwisho kanitazama kwa makini, uso ukamfunguka. "Aaa! Wewe si Kaunguza? Ile suruali ilikuwa ya kaka yangu! Pita, mama, pita!"

Nimepita. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Mtoto ni mzuri jamani. Pua yangu ileile. Saluni alikuwa kakaa kitandani, kambeba, anamwita somo yangu, somo yangu. Mkamwana wangu kafumba macho, kachoka, maskini. Nimemwambia Saluni kwa heshima zote, mkwe, mkono umekufa ganzi huo, lete nikupokee. Kanijibu mkono wake umezoea vichwa vizito, kwangu pengine ndiko kwenye vichwa vyepesi. Ala! Nikashika upande mmoja wa shuka. Naye kakaza upande wake. Mtoto kapiga yowe. Nesi kaingia, katutoa wote wawili nje kama paka walioiba samaki. Na nesi mwenyewe ni Sofia. Hata huruma ya jina hana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mzee kaniambia, macho yake kwenye redio, kwamba kama nataka kujua jina ni la nani niende maktaba nikaulize. Nadhani alitaka nitoke tu ndani. Nimekwenda.

Maktaba nilikuwa napita nje tu. Ndani kimya kama mtu kaficha kitu. Kuna dada mmoja kavaa miwani mikubwa, tumwite Miwani. Nikamwuliza, kwa sauti yangu ya kawaida, jina la Sofia limetoka wapi. Watu wote wakainua vichwa. Kaniomba nishushe sauti. Nikashusha. Kaniomba nishushe tena. Nikamwambia mwanangu, huku chini sijawahi kufika.

Miwani kaleta kitabu kinene, kanisomea taratibu. Jina hili ni la Wagiriki wa zamani sana, maana yake hekima. Hekima! Kutoka huko likatembea nchi baada ya nchi, kila watu wanalitamka kwa ulimi wao. Kuna malkia walioitwa Sofia, na mabinti wa wafalme. Kuna jumba kubwa la kale lenye kuba juu, nalo limebeba jina hilohilo karne na karne. Kuna mji mzima Ulaya unaitwa Sofia, mji mkuu, una wizara na theluji. Nikamwuliza kama katika hao wote wametaja hata mmoja mwenye saluni. Kasema kitabu hakijataja. Nikamwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi na muhuri. Kakataa muhuri.

Mambo yote yakanielea. Mama yangu marehemu alikuwa akiniambia tangu mdogo: mwanangu, umepewa jina la mkubwa mmoja mwenye nguvu, aliyebeba wengi wakati wa shida. Siku zote nimewaambia watu ni malkia. Saluni yeye husema kapewa jina la mwigizaji wa sinema. Mwigizaji! Nani kampa mwigizaji mji mzima wenye wizara?

Basi. Jina ni hekima, na mtoto ni wa yule Sofia mwenye hekima. Nimetundika ubao mlangoni kabla ya chakula cha mchana: HEKIMA BURE, ULIZA SOFIA.

Mteja wa kwanza, mume wa Mikate. Kaja ananyatia. Kumbe kanunua pikipiki kwa siri, mkewe hajui, anataka hekima jinsi ya kumwambia. Nikafikiri kidogo, nikamshauri asimwambie. Ailete hapa dukani, tuifiche nyuma ya mablanketi yanayokauka, mpaka siku atakayomwona mke kafurahi. Kanishukuru, machozi yanamlenga. Mimi nikafunga mdomo. Nilimwambia mtu mmoja tu, Ngazi, na yeye nilimwambia kwa sababu aligonga kichwa kwenye kioo cha pikipiki akauliza ni nini.

Jioni Mikate kaingia na ule mti wake wa kusukumia unga. Pikipiki kaondoka nayo. Ubao kaondoka nao pia, kasema atauwashia tanuri.

Halafu taarifa ya habari. Huko mbali baharini, kwenye visiwa vya watu, kimetokea kimbunga kikali, kimeng'oa mapaa na minazi, na wataalamu wamekipa jina. Sofia! Nani aliwatuma? Majina yote ya duniani! Redio ya saluni ikapandishwa sauti mpaka mwisho. Nawasikia wateja wanacheka wanagonga viti. Mmoja kauliza hicho kimbunga kimetokea upande wa dobi? Saluni kajibu hapana, cha dobi kingekuja na moshi.

Mzee wangu kanifariji. Kasema wewe paa hujawahi kung'oa. Bado, kaongeza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimefanya jambo zuri sana, ila limeharibika.

Kazi yetu sisi madobi iko hivi. Nguo za kila mteja zinashonewa kijipande cha kitambaa chenye jina, ili zikichanganyika majini kila moja ijulikane kwao. Sofia wote wa mtaa wanafua kwangu, hata Saluni, maana dobi mwingine yuko mbali na yeye hapendi jua. Kwa hiyo vijipande vyangu vimeandikwa mikia mitupu: Saluni, Mikate, Nesi, Ngazi. Asubuhi nimeshika sindano, nikazinduka. Kumbe ni mimi mwenyewe ninayeilisha mikia hii! Naishona kwa mkono wangu, kisha nalalamika kwamba ninao!

Nimekwangua vyote. Nimeshona vipya. Sofia. Sofia. Sofia. Sofia. Usawa! Mtaa usio na mikia, na Kaunguza anakufa kifo chema. Niliimba. Nguo zikaingia majini pamoja, zikatoka pamoja, zikakauka, zikapigwa pasi, zikakunjwa. Nzuri kama madirisha ya benki.

Ndipo nikajiuliza za nani ni zipi.

Nimegawa kwa macho. Macho yangu ni mazuri, tatizo ni kwamba watu wamejaa aibu, hawafungui mfuko mbele yako wakaangalia. Wanaondoka nao tu.

Mume wa Saluni ni karani, mwembamba kama kamba ya kiatu. Kumbe kaondoka na suruali ya mume wa Mikate, na yule anakula mikate yote isiyouzika. Karani kasema aliikaza kwa mkanda akatumaini. Kwenye mkutano meneja kaingia, watu wote wakasimama. Karani alisimama. Suruali ikabaki imekaa.

Nesi kaingia wodini na aproni ya saluni, imeandikwa kifuani NJOO NA KICHWA CHAKO. Mgonjwa mmoja kaanza kushuka kitandani. Ngazi kapata sketi ya Mikate, kasema magoti yake yalikuwa hayajaonana na watu tangu utotoni. Mume wa Mikate hakupata kitu cha kumwenea, kajifunga kitambaa cha meza, kaoka hivyohivyo.

Saa kumi wamekuja wote kwa pamoja. Nawasikia wanapanga mambo huko nje. Tunamtaka Sofia! Sofia gani? Sofia Kaunguza! Mtaa mzima kwa sauti moja, mpaka mbuzi. Sijawahi kutajwa vizuri namna ile.

Nilikuwa bado nabadilishana suruali na watu pale mlangoni alipofika mwanangu, spana begani. Hakukaa. Kasema, mama, nimetoka ng'ambo kwa mama mkwe, niliyosema kule nayasema na hapa. Mke wangu hapati usingizi, na si kwa sababu ya mtoto. Kila anayekuja kumwona anauliza ni Sofia wa nani. Jumamosi tunakwenda kuandikisha cheti. Nikisikia ugomvi mwingine, hata mdogo, mtoto haitwi Sofia. Tutamtafutia jina ambalo halina bibi upande wowote.

Nikamwuliza kwa upole tu, ila mwanangu, mlipokuwa mnachagua, mlikuwa mnamwaza nani? Kaniambia "Mama," kwa ile sauti ya fundi aliyeona bomba alilolifunga jana linavuja tena. Kaondoka.

Sikulia. Ulikuwa mvuke wa pasi. Lakini nimekaa hapa kwenye kile kiti cha wateja, nepi zimebaki mapajani, nawaza. Mtoto mwenye pua yangu aitwe jina geni, halafu watu waulize kwa nini, halafu waambiwe ni kwa sababu ya mdomo wa bibi yake. Nitauweka wapi uso huu?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hakuna ugomvi. Nimeapa mbele ya mzee na redio yake. Ila ushahidi si ugomvi. Mtu akileta ushahidi kwa amani, na mwenzake akaona aibu mwenyewe akajitoa, hapo nani kagombana?

Nimemchukua shangazi yangu. Shangazi ni mkongwe, lakini kichwa chake ni kizima kuliko changu, na siku niliyozaliwa alikuwepo. Nilijua nilizaliwa kabla ya Saluni, nilikuwa nataka tu watu wasikie. Nikamwambia shangazi, twende ukaoshwe nywele. Kafurahi, maskini. Nimemkalisha katikati ya saluni na kulikuwa kumejaa: Mikate kashika gazeti, Nesi kasukwa nusu, Ngazi kainama chini ya lile kofia la kukaushia. Saluni kaniangalia kwa jicho la pembeni, kasema karibu, mkwe, karibu kwa amani. Nikasema amani tupu. Kisha nikamwuliza shangazi kwa sauti ya kutosha, hivi shangazi, mimi nilizaliwa lini, na jina langu lilitoka wapi?

Shangazi kacheka kabla ya kuanza. Hapo ningesimama. Sikusimama.

Kasema mwaka ule mvua ilivunja daraja. Gari la wagonjwa haliwezi kupita, gari dogo lolote haliwezi. Linalopita ni lori moja tu la saruji, lina magurudumu marefu, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa kwa rangi nyekundu: SOFIA. Wajawazito wote wa mtaa, saa ikifika, wanapandishwa juu ya mifuko ya saruji. Dereva mtu mwema, anaendesha polepole, mmoja akipiga kelele anasimama, akinyamaza anaendelea. Wakifika, wakijifungua msichana, wanauliza tumwite nani? Wanamwita jina la aliyewafikisha. Mwaka mzima ilikuwa hivyo.

Ngazi katoa kichwa kwenye kofia.

Mkubwa mmoja mwenye nguvu, aliyebeba wengi wakati wa shida. Mama! Mama, hukuweza kuniambia ni lori?

Shangazi hakumaliza. Kamwonyesha Saluni kidole, kanionyesha na mimi. Kasema mama zenu nyinyi wawili walipanda siku moja. Waliegemea mfuko mmoja. Walishikana mikono njia nzima, kila mmoja anamtukana mumewe, na waume wenyewe wako nyuma kwenye tope wanasukuma. Nikamkatiza, nani alitoka kwanza, shangazi? Sema tu. Shangazi kasema hakuna anayejua. Mlilia kwa pamoja, hata mkunga alidhani ni mtoto mmoja mwenye kelele.

Saluni kauliza, kwa kisauti kidogo ambacho sijawahi kukisikia kwake, sasa lile lori lenyewe lilipewa jina la nani? La mwigizaji?

La mchumba wa dereva, kasema shangazi. Alimkimbia akaenda na fundi saa. Na dereva hakuwa na rangi ya kulifuta.

Jamani. Sijui nani alianza. Nadhani Nesi. Kisha Mikate kalala juu ya gazeti, Ngazi kapiga kichwa kwenye kofia, Saluni kashika beseni la kuoshea ili asianguke, machozi yanamtiririka na wanja wote. Kasema, malkia wa saruji huyo, ananinyooshea kidole. Nikamwambia naye mwigizaji wa magurudumu marefu. Tumecheka mpaka kinyozi kaja kuangalia kama kuna moto.

Baadaye Saluni kaniosha nywele kwa mikono yake, bila kuniambia nina mba, na kusema kweli ninayo. Kasema, dada, mama zetu walishikana mikono juu ya mfuko wa saruji, sisi tunavutana shuka juu ya mtoto. Dada! Hajawahi kuniita hivyo. Kisha katoa kabatini shali jeupe, laini kama povu, alilomnunulia mtoto. Kasema Jumapili wageni wanakuja kumwona mtoto, kwa hiyo nilifue na kulipiga pasi, kwa sababu ananiamini.

Kitu cheupe! Mtu kanipa kitu cheupe akasema ananiamini. Nimelibeba kama yai mpaka dukani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tumekwenda wote kuandikisha. Mkamwana kambeba mtoto, mwanangu kabeba karatasi, mimi na Saluni tumefungwa midomo, tumeshikana mikono kama mama zetu. Kucha zake ni ndefu, lakini nimevumilia.

Karani wa vizazi kauliza jina la mtoto. Sofia, kasema mwanangu. Karani kauliza Sofia nani. Nimehisi mkono wa Saluni umekaza. Wangu nao umekaza. Sote wawili tumevuta pumzi. Mwanangu katugeukia, katutazama kwanza mmoja, kisha mwingine. Tumetoa pumzi bila maneno. Ilikuwa kazi nzito kuliko mablanketi.

Kaandikwa! Sofia! Cheti kina muhuri na kila kitu.

Nje mkamwana ndiye kaeleza, yule mpole asiyesema. Kasema, mama zangu, tulichagua jina hili kwa sababu ni lenu nyote wawili. Tulifikiri tumepata dawa. Jina moja, bibi wawili, hakuna wa kununa. Saluni kalia. Mimi nimelia, na hapakuwa na pasi karibu. Tumeapa palepale ngazini, mikono juu: hakuna tena wangu wala wako.

Tukiwa njiani tukampita Mikate kwenye ile pikipiki, mumewe kakaa nyuma kakumbatia mikate. Kasimama kumwona mtoto. Kamsifu, kambusu, kisha kauliza, sasa huyu tutamwita Sofia gani?

Wote wakacheka. Mimi na Saluni hatukucheka. Tumetazamana.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wageni wanakuja mchana. Nimefungua duka asubuhi kwa ajili ya shali tu, nataka lifike likiwa na moto wa pasi.

Amani ipo. Kiapo nakiheshimu. Lakini nimefikiri, na hii ni hekima kama ile ya kitabuni: mtaa huu Sofia bila mkia hawezi kuishi. Hospitali hapiti. Nguo zake zinavaliwa na watu. Mtoto lazima apate mkia, hilo halina ubishi. Na atakayempa mkia ndiye mwenye mtoto. Kiapo kilisema jina. Mkia hakikuutaja.

Tena kinyozi kapita sasa hivi, kaniambia kamsikia mtu ng'ambo anamwita mtoto Saluni Mdogo. Unaona? Wiki nzima nimehangaika kuukata mkia wangu, mjinga mimi, kumbe ningekuwa naukuza! Nimeanza. Nimemwambia kinyozi kwamba Kaunguza Mdogo kalala vizuri. Nimemwambia Ngazi kwamba Kaunguza Mdogo keshaanza kucheka. Nesi kapita, nimemwuliza Kaunguza Mdogo uzito wake unaendeleaje. Na ukilisikia likisemwa mara mbili tatu, ni jina zuri. Lina nguvu. Mtu hawezi kulisahau. Saluni ni jumba tu, jumba linafungwa saa kumi na mbili, lakini Kaunguza

Ngoja. Kuna harufu.

Nimerudi. Umeme huu! Nilisema siku zote ni umeme, hakuna aliyenisikiliza. Pasi niliiweka kidogo tu wakati naandika. Sasa shali lina alama katikati, ya kahawia, pasi nzima kutoka ncha mpaka kisigino.

Nimelitazama upande huu. Nimelitazama upande ule. Nimelikunja, nimelikunjua. Nilitaka kulia, lakini kadiri ninavyolitazama naona limekaa vizuri. Alama haikupinda hata kidogo. Kama muhuri wa cheti.

Nalipeleka hivihivi. Wageni watajaa sebuleni, na kuna atakayeuliza tu, huyu ni Sofia gani? Sitagombana. Nitamfunika mtoto vizuri, wasome wenyewe.